Misaada ya Serikali Katika Mdororo Mkuu: Kunusuru na Kufufua

Mdororo mkuu wa uchumi ni hali ambayo uzalishaji, bei na ajira huporomoka kwa pamoja na kubaki chini kwa miaka. Hali hiyo inapolikumba taifa, mabishano huzuka upesi. Wapo wanaotaka serikali ifungue hazina iwalishe na kuwaajiri waliokosa kazi, na wapo wanaoona kuwa fedha hizo huzaa uvivu, huongeza deni na kuuchelewesha uchumi kupona. Nchi inayorejewa zaidi katika mabishano hayo ni Marekani ya miaka ya 1930, kwa sababu huko njia zote mbili zilijaribiwa, moja baada ya nyingine, na kumbukumbu zake zikatunzwa vizuri.

Anguko lilianza kuonekana Oktoba 1929, bei za hisa zilipoporomoka katika soko la New York. Kipimo cha hisa cha Dow Jones, kilichokuwa 381 mwezi Septemba mwaka huo, kilishuka hadi 41 Julai 1932. Hisa, hata hivyo, zilikuwa mali ya wachache. Kilichowagonga walio wengi ni kufungwa kwa benki. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifilisika, na kwa kuwa hapakuwa na bima ya taifa ya kulinda amana, wengi waliamka na kukuta milango imefungwa na akiba ya maisha yao imekwenda yote au sehemu yake. Waliobaki na fedha walizitoa benki wakazificha nyumbani. Fedha zilizokuwa kwenye mzunguko zikapungua kwa takriban theluthi moja. Bei zikashuka, viwanda vikakosa wanunuzi na kupunguza wafanyakazi, na kila mfanyakazi aliyeachishwa akawa mnunuzi mwingine aliyetoweka sokoni. Kufikia 1933 mtu mmoja kati ya kila wanne waliohitaji kazi hakuwa nayo, jumla yao ikiwa milioni 13 hivi, na pato la taifa lilikuwa limeshuka kwa zaidi ya robo.

Kabla ya hapo, maskini alikuwa mzigo wa ndugu zake, wa kanisa lake na wa mji wake. Serikali kuu haikuwa na idara ya kumshughulikia. Kuomba msaada kulikuwa fedheha iliyoandikwa hata katika sheria: katiba za baadhi ya majimbo zilimnyima haki ya kupiga kura mtu aliyelishwa kwa fedha za umma. Utaratibu huo ulitosha pale ambapo wenye shida ni wachache katikati ya wenye nafasi. Kiwanda kizima kilipofungwa, jirani wa kumkimbilia naye alikuwa amefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Philadelphia iliishiwa fedha za misaada mwaka 1932, na miji mingine mikubwa ilikuwa ukingoni.

Rais Herbert Hoover aliifahamu njaa vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndiye aliyesimamia ugawaji wa chakula kwa mamilioni ya watu wa Ubelgiji, na sifa yake ilijengwa na kazi hiyo. Lakini kwa nchi yake aliamini kuwa mkono wa serikali kuu ukifika moja kwa moja jikoni kwa raia, utaua moyo wa kujitegemea na ule wa kusaidiana. Wapinzani wake walipenda kusema kuwa alikaa tu, na hilo si kweli. Januari 1932 alianzisha shirika la kukopesha benki na kampuni za reli, na Julai mwaka huo alitia saini sheria iliyoruhusu majimbo kukopeshwa dola milioni 300 kwa ajili ya wasio na kazi. Ulikuwa mkopo, ulikuja umechelewa, na ulikuwa mdogo mno kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 120. Tena mwaka huohuo, katika juhudi za kusawazisha bajeti, kodi zilipandishwa. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilitoka asilimia 25 hadi 63. Vitongoji vya vibanda vya mabati na maboksi vilivyoota pembezoni mwa miji vikapewa jina la rais: Hooverville.

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, wakati benki katika sehemu kubwa ya nchi zikiwa zimefungwa au zikitoa fedha kwa kipimo. Programu zake, ambazo kwa pamoja ziliitwa Mpango Mpya, zilikuwa nyingi na mara nyingine zilipingana zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo mjadala wa miaka yote hii hupotea njia. Mtu husema “misaada” akiwa na mambo matatu kichwani bila kuyatenganisha. La kwanza ni kunusuru, yaani kumpa mwenye njaa chakula, fedha au kibarua leo. La pili ni kufufua, yaani kuirudisha biashara nzima katika mwendo. La tatu ni kurekebisha, yaani kubadili sheria ili anguko kama hilo lisijirudie. Programu iliyofaulu katika jambo moja inaweza kabisa kushindwa katika jingine, na ndivyo ilivyotokea.

Kazi ya kunusuru aliachiwa Harry Hopkins, ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa ameendesha programu kama hiyo katika jimbo la New York. Mei 1933 alikabidhiwa dola milioni 500 za kuyagawia majimbo, safari hii kama ruzuku. Katika saa mbili za kwanza za kazi yake alikwisha kutuma zaidi ya dola milioni 5. Hopkins hakupenda kugawa chakula na fedha bure. Aliona kwamba mtu mzima anayepangiwa na karani anunue nini kwa watoto wake anavuliwa utu. Alitaka kazi zenye ujira. Katika majira ya baridi ya 1933 hadi 1934, programu ya muda iliajiri zaidi ya watu milioni 4 kukarabati barabara, shule na mifereji, ikafungwa majira ya kuchipua.

Vijana walikuwa na kikosi chao cha uhifadhi. Waliishi kambini, wakapanda miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo, na walilipwa dola 30 kwa mwezi, ambazo sehemu kubwa, kwa kawaida dola 25, ilitumwa nyumbani kwa wazazi. Hadi kikosi hicho kilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepitia humo.

Programu kubwa kuliko zote ilizaliwa mwaka 1935, baada ya bunge kuidhinisha karibu dola bilioni 5 za misaada. Lilikuwa shirika la ajira za umma, maarufu kwa kifupi WPA. Katika miaka minane liliajiri watu wapatao milioni 8.5, ambao walijenga au kukarabati barabara zenye urefu wa zaidi ya kilomita milioni moja, madaraja zaidi ya 75,000 na majengo ya umma yapatayo 125,000. Mengi ya majengo hayo yanatumika hadi leo. Wapinzani wakati ule walichora vikatuni vya vibarua walioegemea sepetu, na bila shaka walikuwapo walioegemea. Lakini daraja la zege haliwezi kujengwa na watu waliosinzia.

WPA liliwaajiri pia wanamuziki, wachoraji, waigizaji na waandishi. Kati ya 1936 na 1938 waandishi wake walizunguka majimbo ya Kusini wakihoji wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani, na kukusanya simulizi zaidi ya 2,300. Wazee wale walikuwa katika miaka ya mwisho ya maisha yao. Bila mshahara ule wa serikali, sauti hizo zingezikwa pamoja nao, na historia ya watu weusi wa Marekani ingekuwa na pengo lisilozibika.

Upande wa kufufua ulikuwa na mambo mengine kabisa. Washauri wa Roosevelt waliamini kuwa tatizo ni bei kushuka, kwa hiyo dawa ni kuzipandisha kwa kupunguza bidhaa sokoni. Wakulima walilipwa ili wasilime. Mwaka 1933, katika nchi yenye foleni za kugawiwa mkate, nguruwe wapatao milioni 6 walichinjwa na pamba ikang'olewa shambani. Sehemu ya nyama iligawiwa wenye njaa. Sehemu nyingine iliishia kuwa mafuta na mbolea. Katika Kusini, malipo yalipitia mikononi mwa wenye mashamba. Wakulima wasio na ardhi, waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, weusi kwa weupe, hawakuhitajika tena pale ekari zilipopunguzwa, na maelfu walifukuzwa. Programu iliyoitwa ya msaada iliwanyang'anya paa wale waliokuwa na shida kuliko wote. Huo ulikuwa udhalimu, na nia njema ya walioubuni haiupunguzi.

Viwandani, sheria ya 1933 iliruhusu kampuni kukubaliana juu ya viwango vya chini vya bei na kiasi cha uzalishaji, mradi zipandishe mishahara na kutambua vyama vya wafanyakazi. Mahakama Kuu iliifuta Mei 1935, na ile ya wakulima ikafutwa Januari 1936. Wachumi wengi, hata walio marafiki wa Mpango Mpya, hawaililii sheria hiyo ya viwanda. John Maynard Keynes, Mwingereza anayehesabiwa kuwa baba wa hoja ya serikali kutumia fedha wakati wa mdororo, alimwandikia Roosevelt barua ya wazi gazetini Desemba 1933 akimwonya kuwa sheria hiyo inachanganya marekebisho na ufufuaji, na inaukwamisha ufufuaji. Mwaka 2004 wachumi Harold Cole na Lee Ohanian walichapisha utafiti uliodai kuwa sera hizo za kubana ushindani ndizo zilizourefusha mdororo. Wachumi wenzao wanabishana nao juu ya ukubwa wa madhara hayo.

Hoja nzito ya wapinzani wa misaada ni takwimu za ajira. Baada ya miaka sita ya Mpango Mpya, mwaka 1939, ukosefu wa ajira ulikuwa bado asilimia 17. Kama dawa ilifanya kazi, wanauliza, mbona mgonjwa hakuinuka kitandani? Wanaongeza kuwa kodi mpya na sheria zilizobadilika kila mara ziliwatia hofu wenye mitaji wakaacha kuwekeza, na kwamba fedha zilifuata kura. Hilo la mwisho lina ushahidi: majimbo ya Magharibi, ambako ushindani wa kisiasa ulikuwa mkali, yalipata fedha nyingi zaidi kwa kila mkazi kuliko Kusini iliyokuwa maskini zaidi lakini yenye kura za uhakika. Mwaka 1939 bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia watumishi wa serikali kuu kufanya kampeni.

Takwimu za ajira, hata hivyo, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hesabu rasmi ziliwaweka watu wa WPA na wa kambi za vijana katika kundi la wasio na kazi, ingawa waliamka alfajiri na kurudi na ujira. Mwaka 1976 mchumi Michael Darby alihesabu upya akiwaweka katika kundi la walioajiriwa, na kiwango cha mwaka 1937 kikashuka kutoka asilimia 14 hadi karibu 9. Na kati ya 1933 na 1937 pato la taifa lilikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, kasi ambayo ni nadra kwa nchi kubwa. Shimo lilikuwa refu mno, ndiyo maana hata kwa kasi hiyo nchi ilikuwa bado haijafika juu.

Swali gumu zaidi ni kama kasi hiyo ilitokana na misaada yenyewe. Jibu la kweli ni kwamba ilichangia, lakini si sehemu kubwa. Mwaka 1956 mchumi E. Cary Brown alionyesha kuwa matumizi ya serikali hayakuinua uchumi kwa sababu hayakuwa makubwa vya kutosha: nakisi ya bajeti haikuvuka asilimia 6 ya pato la taifa, na wakati huohuo majimbo yalikuwa yakipandisha kodi na kubana matumizi. Kilichosukuma zaidi, kwa mujibu wa utafiti wa mchumi Christina Romer wa mwaka 1992, ni fedha. Aprili 1933 Roosevelt aliifungua dola kutoka katika minyororo ya dhahabu, yaani thamani yake haikufungwa tena na kiasi kilekile cha dhahabu, na Januari 1934 bei ya wakia moja ya dhahabu ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35. Dhahabu ikamiminika kutoka Ulaya, fedha zikaongezeka katika mzunguko, na watu wakaanza tena kukopa na kununua. Pamoja na hilo, bima ya amana iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1933 ilikomesha mbio za kutoa fedha benki. Marekebisho, yaani jambo la tatu, yalileta matunda ambayo ufufuaji wa bei haukuyaleta.

Kwa hiyo anayepima misaada kwa kuuliza kama ilimaliza mdororo, anapima maziwa kwa rula. Kazi ya misaada ilikuwa kuwafikisha watu hai upande wa pili. Kwa kipimo hicho ushahidi ni mzito. Mchumi Price Fishback na wenzake, waliochambua takwimu za miji mikubwa ya Marekani ya miaka hiyo, walikuta kuwa pale fedha za misaada zilipoongezeka, vifo vya watoto wachanga vilipungua, na kadhalika vifo vya kujiua na vya baadhi ya maradhi. Milton Friedman, mchumi na mpinzani mkubwa wa serikali kuingilia soko, alilaani upangaji wa bei na mishahara lakini akakubali kuwa programu za kuwapa watu kazi zilikuwa jibu sahihi kwa hali ile. Yeye mwenyewe alikwenda kufanya kazi Washington mwaka 1935, nafasi zilipofunguliwa na Mpango Mpya. Mtoto aliyekuwa akisubiri maziwa mwaka 1934 hakuwa na muda wa kusubiri wachumi wamalize hesabu.

Mwaka 1937 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Roosevelt aliona hali imetengemaa, akataka bajeti isawazishwe. Orodha za WPA zilipunguzwa. Makato mapya ya hifadhi ya jamii yalianza kutolewa katika mishahara wakati mafao ya kila mwezi yalikuwa hayajaanza kulipwa. Benki Kuu nayo ilikuwa imezilazimisha benki kushikilia akiba maradufu. Katika muda usiofika mwaka uzalishaji wa viwanda ulianguka kwa karibu theluthi moja, na ukosefu wa ajira ukarudi hadi asilimia 19 mwaka 1938. Aprili mwaka huo Roosevelt aliomba bunge zaidi ya dola bilioni 3 za matumizi mapya, na uchumi ukaanza tena kupanda. Mambo kadhaa yalitokea kwa pamoja, hivyo haiwezekani kulitupia jambo moja lawama yote. Ila wale wanaosema kuwa uchumi ungeinuka wenyewe mara serikali ikijitoa, mwaka 1937 unawashinda kueleza.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomaliza ukosefu wa ajira. Hapo pande zote mbili hudai ushindi. Wapinzani husema ni vita, wala si Mpango Mpya. Watetezi hujibu kuwa vita ni matumizi ya serikali kwa kiwango ambacho Roosevelt hakuthubutu kukifikia wakati wa amani. Hoja zote mbili zina kasoro, kwa sababu mamilioni walivaa sare za jeshi na bidhaa zilitolewa kwa mgao, na hali hiyo haiwezi kuitwa neema. WPA lilifungwa Juni 1943, viwanda vikilalamika kukosa wafanyakazi.

Misaada hiyo haikumfikia kila mtu kwa usawa. Ujira wa WPA ulianzia dola 19 kwa mwezi kwa kibarua wa mashambani Kusini hadi dola 94 kwa mtaalamu wa miji mikubwa. Nafasi zilitolewa kwa kichwa cha kaya, hivyo wanawake wengi walio na waume hawakupata. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Agosti 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi ambazo ndizo zilizoajiri Wamarekani weusi walio wengi.

Mdororo huohuo ulifika Afrika Mashariki kupitia bei za mkonge, kahawa na karafuu, lakini hapa serikali ilikuwa ya kikoloni, na kanuni yake ilikuwa koloni lijilipie. Tanganyika wakulima walihimizwa walime zaidi ili kodi ipatikane, ingawa bei za walichokilima zilikuwa zimeanguka. Nchini Kenya ilianzishwa benki ya ardhi mwaka 1931 ya kuwakopesha walowezi. Msaada ulikuwapo, mkulima Mwafrika ndiye hakuwamo katika orodha.

Mabishano yalirudi mwaka 2009, Marekani ilipopitisha mpango wa dola bilioni 787, huku Christina Romer akiwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Obama, na tena mwaka 2020 wakati wa korona. Safari hiyo ya pili misaada ilikuwa mikubwa kuliko yote ya nyuma na ajira zilirudi haraka, lakini mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Bandari zilikuwa zimekwama na bidhaa zilikuwa chache, hivyo sehemu ya fedha ilipandisha bei tu. Mwaka 1933 hali ilikuwa kinyume: mashine zilisimama na ghala zilijaa, kilichokosekana ni wanunuzi.

Athari ya misaada pale penye uwezo usiotumika imepimwa pia katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Shirika moja lisilo la kiserikali liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya katika kaya zaidi ya 10,000 maskini, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Wenye maduka, mashine za kusaga na mafundi wa vijijini walikuwa na muda na uwezo usiotumika, wakauza zaidi bila gharama kubwa ya ziada. Kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za thamani ya takriban dola 2.5 katika eneo lile, kaya ambazo hazikupewa kitu nazo zikainuka, na bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu.